Kazi hii ni ya nani? Akili mnemba na uwajibikaji chuo kikuu

Tarehe 30 Novemba 2022 kampuni ya OpenAI iliiachia ChatGPT, programu ya akili mnemba (AI) inayoandika unachoiomba, mtandaoni, bure kwa kila mwenye intaneti. Hata mwaka wa masomo haujaisha, vyuo vikuu vikajikuta na kanuni za mitihani zilizotungwa kwa ajili ya mkosaji wa aina nyingine. Kanuni zile zilimlenga anayenakili: kuna aliyeandika kwanza, kuna aliyechukua bila kutaja, na ukiyaweka maandishi mawili sambamba wizi unaonekana wenyewe. Sasa mhadhiri anapokea insha ambayo haijawahi kuandikwa popote, haina mwenyewe wa kulalamika kwamba kaibiwa, na bado aliyeiwasilisha hakuiandika.

Vyuo vingine vilipiga marufuku. Vingine viliruhusu kila kitu. Vingi vilinyamaza tu: UNESCO ilipozihoji shule na vyuo vikuu zaidi ya 450 mwaka 2023, chini ya asilimia 10 ndizo zilizokuwa na sera au mwongozo rasmi. Siku hizi miongozo imejaa tele, lakini mwulize mwanafunzi kama anaruhusiwa kutumia akili mnemba kupanga rasimu yake, atakujibu "inategemea mhadhiri". Mhadhiri naye hana hakika.

Naona sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na kung'ang'ania swali lililokwisha kazi: ametumia au hajatumia? Kisahihishi cha tahajia kimo ndani ya programu ya kuandikia, injini ya kutafutia makala inakutolea muhtasari kabla hujauomba, na programu ya kutafsiri inaendeshwa na teknolojia ya jamii hiyohiyo. Kwa kipimo hicho hakuna atakayesalimika. Swali lenye manufaa ni hili: katika zoezi hili, ni sehemu gani iliyokusudiwa ipite kichwani mwa mwanafunzi, na je, imepita?

Chombo kilekile, zoezi tofauti

Mwanafunzi wa sosholojia amehoji watu, amepanga majibu yao kwenye jedwali, na anataka grafu ya kuonyesha tofauti za umri. Hajui kuandika programu ya kompyuta. Anaiomba akili mnemba imwandikie mistari michache ya kuchora grafu, anaiendesha, anaikagua dhidi ya jedwali lake, anaendelea na uchambuzi. Hakuna kilichopotea, maana kozi yake haimfundishi kuandika programu. Inamfundisha kuuliza maswali na kusoma majibu ya watu.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sayansi ya kompyuta anaomba mistari ileile, kwa maneno yaleyale. Huyu amelifuta zoezi zima. Kilichotakiwa kwake si grafu, ni ule usumbufu wa kukosea alama moja na kutafuta saa nzima kosa liko wapi.

Ndiyo maana ruhusa au katazo la chuo kizima haliwezi kufanya kazi vizuri. Uamuzi unatakiwa ushuke hadi kwenye zoezi lenyewe, uandikwe juu ya karatasi ya maswali, kabla kazi haijaanza. Watafiti Mike Perkins, Leon Furze, Jasper Roe na Jason MacVaugh walitunga mizani ya ngazi tano kwa ajili hiyo, kuanzia zoezi lisiloruhusu akili mnemba kabisa, kupitia linaloiruhusu kwa kuchangamsha mawazo au kuhariri, hadi linaloiruhusu moja kwa moja. Mhadhiri anachagua ngazi, mwanafunzi anajua mipaka.

University of Sydney ya Australia ilichukua njia fupi zaidi: njia mbili tu. Kuna upimaji unaofanyika chini ya usimamizi, ambamo mwanafunzi anathibitisha anachokijua mwenyewe, na kuna upimaji wa wazi, ambamo akili mnemba inaruhusiwa na mwanafunzi anafundishwa kuitumia. Naiona njia hii kuwa ya kweli kuliko ile ya ngazi nyingi, kwa sababu inakiri jambo ambalo wengi hawataki kulisema: zoezi la kwenda nalo nyumbani likiandikwa "usitumie kabisa", hakuna mtu wa kuhakikisha. Atakayetii ni mwaminifu, na mwaminifu ndiye atakayeumia kwa alama.

Kinachopotea ukipewa jibu mapema mno

Wapo wanaosema hofu hii ni ileile iliyokuwapo kikokotoo kilipoingia darasani. Sidhani. Kikokotoo hufanya hatua moja ya kazi. Modeli ya lugha, yaani mfumo wa aina ya ule unaoendesha ChatGPT, inaweza kusoma swali, kuchagua njia, kutoa hoja na kuandika hitimisho, mwanafunzi akabaki na kazi ya kubofya. Lakini badala ya kubishana kwa hisia, tuna majaribio ya kutazama.

Nchini Uturuki watafiti waliwagawa wanafunzi karibu elfu moja wa sekondari katika makundi wakati wa mazoezi ya hisabati. Kundi moja lilitumia akili mnemba ya kawaida, inayojibu unachouliza. La pili lilitumia iliyowekewa masharti: itoe vidokezo, isitoe jibu. La tatu lilitumia vitabu na daftari tu. Kwenye mazoezi, kundi la kwanza lilifanya vizuri kwa asilimia 48 zaidi ya wale wa daftari, na la pili kwa asilimia 127. Kisha vyombo vikaondolewa, ukaja mtihani. Waliozoea kupewa majibu walianguka asilimia 17 chini ya wale ambao hawakuigusa akili mnemba hata mara moja. Wa vidokezo hawakupata madhara hayo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2025 katika jarida la PNAS, na kinachonishtua humo si ile asilimia 17. Ni kwamba wanafunzi wenyewe hawakuhisi kwamba wamejifunza kidogo. Waliona wako sawa.

Upande wa pili nao upo. Katika somo la fizikia la Harvard, wanafunzi 194 walilinganishwa wakijifunza kwa mwalimu mnemba na wakijifunza katika darasa la majadiliano linaloendeshwa vizuri. Kwa mwalimu mnemba walijifunza zaidi, tena kwa muda mfupi. Ila chombo kile hakikuwa cha kuchukua tu mtandaoni. Wahadhiri walikitengeneza kwa kozi yao, wakakipa majibu sahihi mapema ili kisibuni, wakakielekeza kitoe hatua moja kwa wakati na kimsubiri mwanafunzi afikiri.

Ukiziweka tafiti hizi mbili pamoja, somo la vitendo kwa mwanafunzi ni rahisi. Jaribu kwanza mwenyewe, hata ukikosea. Halafu kipe chombo jaribio lako na ukiulize umepotea wapi, kisikupe jibu. Anayefungua dirisha la ChatGPT kabla hajalisoma swali mara mbili, huyo anafanya lile lililowaangusha wenzake mtihanini.

Marejeleo ambayo hayapo

Wiki mbili kabla ya ChatGPT, kampuni ya Meta ilitoa modeli iliyoitwa Galactica, iliyofunzwa kwa mamilioni ya makala za kisayansi ili iwasaidie watafiti. Ilidumu hewani siku tatu. Wanasayansi waliijaribu wakakuta inaandika makala zenye sura ya kitaalamu kabisa na mambo ya uongo ndani yake, pamoja na marejeleo ya kubuni. Tatizo hilo halikuwa la Galactica pekee, na linaeleweka ukijua modeli hizi zinavyofanya kazi.

Modeli ya lugha haina kabati la makala inalolifungua ukiuliza. Imepitishwa kwenye maandishi mengi mno ikajifunza kukisia kipande cha neno kinachofuata baada ya vilivyotangulia. Ukiiomba rejea kuhusu malaria na mabadiliko ya tabianchi, inajua rejea inavyofanana: jina la ukoo, herufi za kwanza, mwaka kwenye mabano, kichwa kirefu chenye nukta pacha, jina la jarida, juzuu, kurasa. Inajaza kila nafasi kwa kinachoelekea kufaa. Matokeo yake mara nyingi ni mwandishi wa kweli, jarida la kweli, mwaka unaowezekana, na makala isiyokuwapo. Ukienda kwenye juzuu na ukurasa uliotajwa unakutana na makala ya mtu mwingine kuhusu kitu kingine kabisa. Uongo wa namna hii ni mgumu kuushtukia kwa sababu vipande vyake vingi ni vya kweli.

Wanasheria wawili wa New York waliupata uchungu huo mwaka 2023. Katika kesi ya Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, waliwasilisha mahakamani hoja zilizotegemea hukumu sita zisizokuwapo, zote zimetoka ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza kama kesi hizo ni za kweli, ikamhakikishia kuwa ni za kweli. Jaji P. Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Alieleza kwamba kutumia chombo cha akili mnemba si kosa lenyewe. Kosa ni kuacha wajibu wa kuhakiki unachotia saini.

Vyombo vya siku hizi vinavyotafuta mtandaoni kabla ya kujibu vimepunguza marejeleo hewa, lakini vimeleta kosa la chini kwa chini zaidi: makala ipo, kiungo kinafunguka, ila makala haisemi kinachodaiwa inasema. Hapo hakuna ujanja. Rejea uliyoiweka kwenye kazi yako uwe umeifungua na kusoma walau sehemu unayoitegemea. Mhadhiri akitaka kujua kama mwanafunzi amesoma, achague rejea mbili kwenye orodha yake na amwombe aeleze zilifikia matokeo gani na kwa njia ipi.

Hesabu ya kukamata wasio na hatia

Hili ndilo eneo ambalo vyuo vimefanya makosa mengi kwa nia njema. Kilio cha kwanza kilikuwa: tupeni programu ya kugundua maandishi ya mashine. Januari 2023 OpenAI yenyewe ikatoa moja, na kwa uaminifu ikataja uwezo wake. Ilikuwa inayatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na katika maandishi ya binadamu ilikuwa ikiyatuhumu kimakosa asilimia 9.

Asilimia 9 inasikika ndogo, basi tuifanyie hesabu. Tuseme kitivo kimepokea kazi 1,000, na 100 kati yake ziliandikwa na mashine. Programu itazikamata 26 kati ya hizo 100. Katika 900 zilizobaki, za watu walioandika wenyewe, asilimia 9 ni kazi 81. Mezani kwa kamati ya nidhamu zinafika kazi 107, na 81 kati yake ni za wasio na kosa. Yaani ukiitwa mbele ya kamati ile, uwezekano mkubwa ni kwamba umeonewa, huku wahalifu 74 wakiwa wanakunywa chai. Kampuni iliiondoa programu hiyo Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo.

Nyingine zimeboreka, lakini hesabu haikimbiliki. Vanderbilt University ya Marekani ilizima kipengele cha kugundua akili mnemba cha Turnitin, programu ya kukagua kazi za wanafunzi, mwezi Agosti 2023. Sababu mojawapo: mwaka uliotangulia walikuwa wamewasilisha kazi 75,000, hivyo hata kosa la asilimia 1 lingemaanisha kazi 750 hivi za kutuhumiwa bure.

Tena dhuluma hiyo haigawanyiki sawa. Watafiti wa Stanford walizipitisha insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye programu saba za ugunduzi. Kwa wastani zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo ziliitwa kazi ya mashine, wakati insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote bila matatizo. Chanzo chake ni cha kiufundi: programu nyingi za aina hii hupima jinsi maneno yanavyotabirika, na anayeandika kwa lugha ya kujifunza hutumia msamiati wa kawaida na sentensi zilizonyooka. Aliyefundishwa kuandika Kiingereza safi, kisicho na madoido, ndiye anayeonekana kama mashine. Msomaji wa Kiswahili anayesomea shahada yake kwa Kiingereza ajue kwamba habari hii inamhusu yeye.

Jicho la mwalimu nalo si kinga. Katika jaribio la University of Reading lililochapishwa mwaka 2024, watafiti waliwasilisha majibu ya akili mnemba kwa majina ya wanafunzi 33 wa kubuni katika mitihani ya saikolojia, bila wasahihishaji kujua. Asilimia 94 ya majibu hayo hayakushtukiwa, na kwa wastani yalipata alama za juu kuliko za wanafunzi halisi. Na kuiuliza ChatGPT kama ndiyo iliyoandika, kama mwalimu mmoja wa Marekani alivyofanya mwaka 2023 akayashuku madarasa yake, ni kazi bure: haikumbuki ilichomwandikia mtu mwingine, na itakubali hata maandishi ambayo haikuyaona kamwe.

Kwa hiyo ushahidi utoke wapi? Kwenye safari ya kazi yenyewe. Rasimu za hatua mbalimbali, historia ya mabadiliko ambayo programu za kuandikia huihifadhi, madokezo ya kusoma, na mazungumzo ya dakika kumi ambayo mwanafunzi anaulizwa kwa nini alichagua mbinu hii na si ile. Matokeo ya programu ya ugunduzi yanaweza kuwa sababu ya kuanzisha mazungumzo hayo, lakini hayatoshi kumhukumu mtu. Najua mhadhiri mwenye wanafunzi mia nne atacheka akisikia dakika kumi kwa kila mmoja, na ana haki. Hapo deni ni la chuo kinachosajili mia nne kwa mhadhiri mmoja kisha kumnunulia programu ya kugundua badala ya msaidizi.

Kutaja, na mambo ya siri

Mapema 2023 makala kadhaa za kisayansi ziliorodhesha ChatGPT miongoni mwa waandishi. Majarida makubwa, likiwamo Nature, yakakataa upesi, na kamati ya maadili ya uchapishaji ya COPE ikasimama upande huohuo. Hoja yao ndiyo kiini cha mjadala wote: mwandishi ni yule anayeweza kuwajibika kwa kilichoandikwa, kutetea data, kusahihisha kosa, kusaini mkataba. Chombo hakiwezi lolote kati ya hayo. Kinatajwa kama chombo, na binadamu anabaki na mzigo wote.

Tamko zuri la matumizi ni fupi na mahususi. "Nilitumia akili mnemba" halisemi kitu. Linganisha na hili: "Nilitumia ChatGPT kurekebisha sarufi katika sura ya pili na ya tatu, na kupata mapendekezo ya vichwa vya sehemu. Hoja, uchambuzi na marejeleo yote ni yangu na nimeyahakiki." Msomaji anajua aangalie wapi. Ila wahadhiri nao wakubali kwamba tamko halitaandikwa na mtu anayejua kwamba akitaja atakatwa alama kwa jambo lililoruhusiwa.

Kuhusu siri nitapita haraka, si kwa sababu ni dogo bali kwa sababu kanuni yake haina utata: usipandishe kwenye chombo cha nje kitu ambacho si chako kukitoa. Mahojiano ya watafitiwa waliopewa ahadi ya faragha, majina na alama za wanafunzi, tasnifu ambayo mwenyewe bado hajaichapisha, maombi ya fedha za utafiti uliyopewa kuyapitia. Juni 2023 taasisi ya afya ya Marekani, NIH, ilikataza wapitiaji wa maombi yake kutumia akili mnemba zalishi, yaani inayotunga maandishi kama ChatGPT, kwa kazi hiyo, kwa sababu hakuna anayeweza kuhakikisha maandishi yale yanaishia wapi. Msimamizi anayemwaga sura ya mwanafunzi wake humo ili apate maoni ya haraka anavunja uaminifu uleule anaoudai kwake.

Chuo kikiwa ndicho mtumiaji

Mijadala mingi inaishia kwa mwanafunzi, kana kwamba yeye tu ndiye wa kuchungwa. Lakini vyuo navyo vinatumia mifumo hii kuchuja waombaji, kusahihisha, kusimamia mitihani kwa kamera, na kubashiri nani ataacha masomo. Hapo mashine haimsaidii mtu kuandika. Inaamua maisha yake.

Mfano mzito ulitokea kabla ya ChatGPT, na haukuhitaji hata akili mnemba ya kisasa, algoriti ya takwimu, yaani kanuni ya hesabu inayofuatwa na kompyuta, ilitosha. Mwaka 2020 Uingereza ilifuta mitihani ya kidato cha mwisho kwa sababu ya korona. Mamlaka ya mitihani, Ofqual, ikarekebisha makadirio ya walimu kwa kutumia, pamoja na mengine, rekodi ya matokeo ya shule ya miaka ya nyuma. Karibu asilimia 40 ya alama zilishushwa. Mwanafunzi hodari katika shule yenye historia duni alivutwa chini na watu waliomtangulia, wakati madarasa madogo, ambayo ni mengi zaidi katika shule za kulipia, yaliachiwa makadirio ya walimu wao. Matokeo yalitangazwa tarehe 13 Agosti. Baada ya maandamano ya vijana, tarehe 17 serikali ikarudi kwenye makadirio ya walimu, lakini kufikia hapo watu walikwishapoteza nafasi za vyuo vikuu walivyochaguliwa.

Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, inaiweka mifumo ya kudahili wanafunzi, kupima matokeo yao na kuwachunguza wakati wa mtihani katika kundi la hatari kubwa, lenye masharti ya usimamizi wa binadamu na kumbukumbu zinazokaguliwa. Mifumo ya kusoma hisia za mwanafunzi usoni, ile inayodai kujua nani kachoka na nani hasikilizi, imepigwa marufuku madarasani tangu Februari 2025, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au za usalama.

Chuo kilicho nje ya Ulaya hakihitaji kusubiri sheria ya namna hiyo. Kinaweza kuandika kwenye kitabu cha mwongozo wa wanafunzi ni mifumo gani inatumika, katika uamuzi upi, data gani inaingizwa na inakaa muda gani, na ni ofisa gani, kwa cheo chake na namba ya chumba, mwanafunzi atamwendea akitaka kazi yake isomwe upya na mtu.